Kijana, ukijenga nyumba ya zege ufuoni chunga jua, upepo na chumvi

UKITAFUTA nyumba za likizo za Diani, Watamu au Kilifi kwenye Instagram, utakutana na mtindo uleule: kuta za zege zisizopakwa rangi, paa bapa, kioo kutoka sakafuni hadi darini na kidimbwi cha kuogelea mbele. Ni kali, hatukatai. Wapo vijana wanaochanga pesa kwenye chama, wananunua ploti Pwani, kisha wanamwonyesha fundi picha kwenye simu: “Tujengee kama hii.”

Shida ni kwamba picha haionyeshi joto, wala kutu.

Tuanze na joto. Zege hunyonya jua mchana kutwa na kulitema usiku, wakati wewe unataka kulala. Ufuo wetu unatazama mashariki, kwa hivyo ule ukuta wa kioo unaoelekea baharini hupigwa na jua tangu asubuhi na mapema. Mgeni atawasha kiyoyozi siku nzima, na bili ya stima itakuja kwako.

Waliojenga Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa na UNESCO kwenye orodha ya turathi za dunia mwaka wa 2001, walilijua jua hili vizuri. Walitumia kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na wakaacha ua wa ndani wa kupitisha hewa. Si lazima uige nyumba zao. Unaweza kubaki na zege lako, lakini tokeza paa mbele ya kuta, weka baraza pana lenye kivuli mbele ya kioo, na uache madirisha yanayofunguka pande mbili. Kaskazi huvuma kati ya Desemba na Machi, kusi katikati ya mwaka, na pepo zote mbili hutokea upande wa bahari. Upepo ukikosa pa kutokea nyuma, hauingii.

Sasa chumvi, ambayo ndiyo humeza pesa. Ndani ya zege kuna nondo. Chumvi ya hewa ya bahari hupenya polepole hadi kwenye chuma, nacho hushika kutu. Kutu hujaza nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hivyo husukuma zege hadi likapasuka na kuanza kumeguka.

Kuna wanaoiingiza chumvi wenyewe siku ya kwanza, kwa kuchanganya saruji na mchanga wa ufuoni au maji ya kisima yenye chumvi eti kupunguza gharama. Usikubali! Hakikisha pia nondo zimefunikwa vya kutosha. Karibu na bahari, milimita 50 za zege juu ya chuma ni salama kuliko zile 25 ambazo fundi wa bara amezoea. Zege likishamwagwa, limwagiliwe maji safi kwa angalau siku saba ili likauke taratibu na kushikana vizuri.

Kabla ya kulipa mtu yeyote, mwombe akupeleke kwenye nyumba aliyojenga ufuoni miaka 10 au zaidi iliyopita. Simama chini ya roshani, uinue macho. Ukiona michirizi ya kahawia na nyufa zinazofuata mstari wa nondo, mshukuru kwa muda wake na utafute mwingine.