Mtoto wa Nyoka ni Nyoka, au Mtoto Umleavyo?

Wahenga wetu walituachia methali mbili zisizoelewana. Moja yasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Ya pili yasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Sasa tushike ipi? Hapa Eldoret wengi wameshika ya kwanza. Ukiuliza mbona wakimbiaji bora wanatoka huku kwetu, utajibiwa upesi: "Ni damu." Ukiuliza mbona watu fulani wana maduka mengi, utajibiwa vivyo hivyo. Mimi jibu hilo halikunitosha, nikaamua kulichunguza. Mpenzi msomaji, tega sikio nikueleze niliyoyapata, na mwishowe utaona kwa nini jambo hili si la mzaha katika mji wetu.

Kabla ya mbio, na tuanze na maziwa. Mtoto mchanga ana kimeng'enya kiitwacho laktesi katika utumbo wake. Kazi yake ni kuvunja laktosi, yaani ile sukari iliyomo ndani ya maziwa. Mtoto akishaachishwa kunyonya, mwili huanza kuufunga mfereji huo polepole. Ndivyo ilivyo kwa ng'ombe, kwa paka na kwa watu walio wengi duniani. Mtu mzima wa namna hiyo akinywa maziwa freshi mengi, tumbo hunguruma, hujaa gesi, na pengine akaharisha. Huo si ugonjwa. Ndiyo hali ya binadamu tangu jadi.

Basi mbona kuna wazee wa jamii za wafugaji wanaokunywa maziwa kila siku na hawasikii lolote? Mwaka wa 2007 mtaalamu wa jeni Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti waliofanyia watu wa jamii 43 za Kenya, Tanzania na Sudan. Waligundua mabadiliko madogo ya kurithi ambayo huuacha ule mfereji wazi hata utu uzimani. Badiliko lililoenea zaidi Kenya na Tanzania walilikadiria kuwa lilianza kati ya miaka 2,700 na 6,800 iliyopita. Wazungu nao wanalo lao, lakini ni jingine kabisa. Kufuli ni moja, funguo ni mbalimbali.

Hebu fikiria ilivyokuwa. Ng'ombe hawakuwako huku tangu mwanzo. Waliletwa kutoka kaskazini, na mifugo ilikuwa imefika karibu na Ziwa Turkana zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Kukaja ukame, mimea ikakauka, maji yakawa haba. Kijana ambaye mwili wake ulivumilia maziwa alipata chakula na maji kwa pamoja. Mwenzake aliyeharisha alipoteza hata yale maji machache aliyokuwa nayo. Yule wa kwanza akaishi, akaoa, akazaa watoto wenye mwili kama wake. Rudia hadithi hiyo kwa vizazi mia moja, na jamii nzima itabadilika pasipo mtu yeyote kupanga. Hayo ndiyo yaitwayo mageuko ya viumbe.

Lakini tazama vizuri, ndugu yangu. Nini kilitangulia? Ufugaji! Kufuga si jambo la damu. Mtu hufunzwa na babake. Mila ndiyo iliyoanza, mwili ukafuata nyuma. Kumbe utamaduni unaweza kuugeuza hata mwili wenyewe.

Na si hayo tu. Nyanya zetu hawakungoja mwili ubadilike. Walichukua kibuyu, ambacho Wakalenjin hukiita sotet, wakakisugua ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, wakatia maziwa na kuyaacha siku kadhaa mpaka yakawa mursik. Vijidudu vilivyomo hula sehemu ya ile sukari na kuigeuza kuwa asidi. Ndiyo maana maziwa lala huwa machungu kidogo, na ndiyo maana mtu ambaye tumbo lake linakataa maziwa freshi mara nyingi huyanywa bila taabu. Mwili ulihitaji maelfu ya miaka. Kibuyu kilihitaji siku chache tu, na msichana mmoja wa kufunzwa na nyanyake.

Sasa twende kwenye mbio. Mwaka wa 1984 Kamoya Kimeu aligundua mabaki ya kijana wa kale huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Mifupa hiyo ina umri wa karibu miaka milioni moja na nusu, na miguu yake ni mirefu kama yetu. Mwaka wa 2004 wataalamu Dennis Bramble na Daniel Lieberman waliandika kwamba mwili wa binadamu una dalili za kuumbika kwa ajili ya kukimbia mbali: tunatoa jasho jingi, na kano la kisigino letu ni kama springi. Angalia: walisema binadamu, hawakutaja kabila.

Ya pili ni mahali. Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya bahari, na Iten iko juu zaidi, mita 2,400. Hewa ikiwa nyepesi, mwili huongeza chembe nyekundu za damu. Hilo humpata yeyote, hata mgeni. Mo Farah wa Uingereza alikuja Iten kufanya mazoezi, na si Mkalenjin!

Ya tatu ni malezi na mifano. Kabla ya Wilson Kiprugut kuleta shaba kutoka Tokyo mwaka wa 1964, Kenya haikuwa na medali hata moja ya Olimpiki. Je, damu ilikuwa imelala? La. Kilichokuja ni shule, viwanja na makocha, kisha akina Kipchoge Keino wa 1968 wa kuigwa. Mtoto aliyemwona jirani akitoka mbioni na kujenga nyumba ya mawe, kesho ataamka alfajiri.

Sisemi mwili si kitu. Nasema hautoshi. Mimi jina langu linaanza kwa Kip, na kila siku ya michezo naandikwa mita 5,000 bila kuulizwa. Huwa namaliza wenzangu wakiwa wamekwisha kunywa soda. Anayetushinda sote ni msichana ambaye wazazi wake wametoka Kakamega. Yeye hukimbia kutoka Langas kila asubuhi ili asifungiwe lango.

Mbona basi nasema si mzaha? Kwa sababu mtu akishaamini kuwa mbio ziko damuni, hakawii kusema wizi uko damuni, uvivu uko damuni, na ardhi pia iko damuni. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, maneno kama hayo yalitangulia moto. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini, na Eldoret ni miongoni mwa miji iliyoumia sana. Mimi sikuwa nimezaliwa. Ninachojua ni kuwa mazungumzo yakifika hapo, mama huinuka akaenda kuangalia sufuria. Agosti mwaka wa 2008, Samuel Wanjiru, Mkikuyu wa Nyahururu, aliiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya marathoni ya Olimpiki.

Kwa maoni yangu, methali zote mbili ni za kweli, ila kila moja ina mahali pake. Nyoka huzaa nyoka kwa sababu nyoka hana kibuyu, hana shule wala nyanya wa kumfunza. Binadamu huzaliwa na mwili ulio tayari kufunzwa, na ndiyo sababu wale walio karibu naye wana lawama na sifa kubwa kwa atakavyokuwa. Kwa hivyo, mwanachama mwenzangu, ukisikia mtu akisema "hao ndivyo walivyo", muulize kwa upole: walilelewa wapi, na nani, na walikuwa wanaigiza nani? Ukimngoja ajibu, huenda mkaendelea kuzungumza.