Mpangaji akihama na kuacha vyombo: Mwenye nyumba ana haki gani?

KATIKA mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Umoja na Kayole hadi Pipeline, Huruma na Dandora, ni nadra kumpata keateka wa ploti ambaye hajawahi kufungua chumba cha mpangaji aliyetoweka.

Ndani hukuta godoro lililokunjwa, meza, sufuria tatu, jiko la gesi lisilo na mtungi na, juu ya kabati, begi lililojaa vyeti vya shule. Simu ya mwenye vitu imezimwa. Kodi ya miezi miwili haijalipwa. Na langoni amesimama mteja mpya anayetaka kuhamia siku iyo hiyo, pesa akiwa nazo mkononi.

Kinachofuata kinajulikana na wengi. Vyombo hutolewa nje na kurundikwa chini ya ngazi, ambako majirani huvipunguza kimoja kimoja. Au mwenye nyumba humwita mnunuzi wa samani kuukuu, akauza kila kitu kwa bei ya kutupa na kuhesabu kwamba amefidiwa sehemu ya deni lake. Ukimuuliza ni kwa idhini gani, jibu huwa moja: mtu akiondoka na deni, alichoacha ni changu.

Sheria ya Kenya haisemi hivyo. Deni la kodi na umiliki wa vyombo ni mambo mawili tofauti, na moja haliyeyuki ndani ya jingine kwa sababu tu mlango umefungwa. Kifungu cha 40 cha Katiba ya 2010 kinalinda mali ya kila mtu, na hakijamtenga mdaiwa. Godoro la mpangaji aliyehama usiku lingali lake asubuhi yake.

Swali la kwanza ambalo mwenye nyumba hupaswa kujiuliza ni iwapo mpangaji amehama kweli. Aliyerudisha ufunguo na kuaga ameondoka, hata kama ameacha kiti. Lakini mlango uliofungwa kwa wiki tatu hauthibitishi chochote. Huenda mwenyewe amelazwa hospitalini, au yuko rumande akisubiri kesi, au ameenda mashambani kumzika mzazi na nauli ya kurudi haijapatikana.

Eastlands imeona hali hii kwa wingi zaidi ya mara moja. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, familia nyingi zilikimbia Mathare, Huruma na mitaa jirani bila kubeba hata blanketi. Mwaka wa 2020, janga la Covid-19 lilipofunga kazi za vibarua, wengi walirudi mashambani wakiacha vyumba vimefungwa kwa kufuli, wakidhani watarejea baada ya wiki chache. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyesema anavitupa vyombo vyake.

Kwa mwenye nyumba anayedai kodi, sheria imempa njia, nayo ni ya zamani. Sheria ya Kukamata Mali kwa Ajili ya Kodi, Sura ya 293, inamruhusu kuagiza mali ya mpangaji iliyomo nyumbani ikamatwe na kunadiwa ili deni lilipwe. Ila hafanyi hivyo mwenyewe, wala keateka wake, wala vijana wa mtaani waliolipwa mia mbili mia mbili. Kazi hiyo ni ya dalali mwenye leseni chini ya Sheria ya Madalali ya 1996. Dalali huorodhesha mali, humpa mpangaji notisi na kusubiri muda uliowekwa kabla ya kunadi. Kikibaki kitu baada ya kodi na gharama kulipwa, ni haki ya mpangaji. Na iwapo dalali anaona itabidi mlango uvunjwe, kanuni zinamtaka aende kortini kwanza kuomba usaidizi wa polisi.

Hapa ndipo ufunguo wa akiba anaokaa nao keateka unapoleta balaa. Wengi huamini kwamba mwenye ploti anaweza kuingia chumba chochote apendapo. Maadamu upangaji haujaisha, chumba kile kiko mikononi mwa mpangaji, na kuingia bila ruhusa yake ni kosa la kumdai mtu fidia, hata kama muingiaji hakugusa kijiko.

Nyumba za bei ya chini zina kinga zaidi. Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296, inahusu makao ambayo kodi yake haizidi Sh2,500 kwa mwezi, na kwa makao hayo mali haikamatwi ila kwa idhini ya jopo linalosikiliza mizozo ya kodi. Kiwango hicho kimepitwa na wakati kiasi kwamba bedsita za Pipeline na Umoja hazikifikii hata kwa mbali. Hata hivyo, vyumba vya mabati katika sehemu za Mathare na Korogocho vingali humo, na wanaoishi ndani yake ndio aghalabu hawajapata kusikia kwamba sheria hiyo ipo.

Vibanda na maduka yana jopo lao chini ya Sura ya 301, na kinyozi aliyeacha viti na vioo vyake ni bora ashughulikiwe kupitia huko.

Linabaki jambo gumu zaidi: mpangaji amehama kweli, deni halipo au ni dogo, lakini vitu vyake vimejaza chumba. Hapa mwenye nyumba amegeuka mtunzaji wa mali ambayo hakuomba kuitunza. Korti za Kenya hufuata sheria ya kimila ya Uingereza katika mambo ambayo Bunge halijayatungia kanuni, na msimamo wake kuhusu mtunzaji wa namna hii ni wa wastani. Hatarajiwi kuvilinda vitu hivyo kama mboni ya jicho. Anatarajiwa asiviharibu kwa makusudi wala kwa uzembe uliokithiri, asivifanye vyake, na ajitahidi ipasavyo kumfikia mwenyewe.

Waingereza wenyewe walitunga sheria mwaka wa 1977 inayoeleza hatua kwa hatua namna ya kutoa notisi na kuuza mali iliyoachwa. Sheria hiyo haitufikii. Sheria yetu ya Mahakama, Sura ya 8, inapokea sheria za jumla za Bunge la Uingereza zilizokuwapo hadi Agosti 12, 1897 pekee.

Tulicho nacho ni Sura ya 38, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa Zisizochukuliwa. Msomaji wa Gazeti Rasmi la Serikali ameona matangazo yake mara nyingi: mwenye gari fulani lililoachwa katika gereji fulani anatakiwa kulichukua, mara nyingi ndani ya siku 30, na kulipa gharama za kuliweka, la sivyo litanadiwa. Vyombo vya nyumbani navyo hutajwa humo mara kwa mara. Lakini tuseme kweli: sheria hiyo ilitungwa kwa ajili ya biashara zinazopokea bidhaa, kama fundi anayeletewa redio aitengeneze. Mwenye nyumba hakupokea chochote, aliachiwa. Wakili wa mpangaji anaweza kulishikilia hilo kortini. Kwa hivyo anayetaka kuitegemea sheria hiyo afanye hivyo kupitia dalali mwenye leseni, asijitangazie mwenyewe mnada kwa karatasi iliyobandikwa langoni.

Kwa vyombo vya thamani ndogo, gharama ya tangazo na dalali huenda ikawa kubwa kuliko vyombo vyenyewe. Ndiyo maana hatua za awali ni muhimu, nazo hazihitaji pesa nyingi.

Mwanzo ni orodha. Chumba kisifunguliwe na mtu mmoja. Awepo keateka, jirani asiye na uhusiano na mwenye nyumba na, ikiwezekana, mzee wa mtaa au balozi wa nyumba kumi. Kila kitu kiandikwe na hali yake: televisheni, inchi ngapi, kioo kizima au kimepasuka. Waliopo watie sahihi. Picha za simu zipigwe kabla ya kitu chochote kusogezwa. Kisha habari iingizwe katika kitabu cha matukio kwenye kituo cha polisi kilicho karibu na nambari yake itunzwe. Baada ya hapo ndipo vitu vihamishiwe stoo, chini ya ngazi kukiwa hapana, ili chumba kipate mpangaji mwingine.

Notisi iandikwe, itumwe kwa kila njia iliyopo: ujumbe wa simu, jamaa aliyeandikwa wakati wa kuingia, mwajiri kama anajulikana. Iseme vitu viko wapi, vichukuliwe kabla ya tarehe gani na nini kitafuata. Sheria haijaweka idadi ya siku kwa hali hii. Kwa maoni ya mwandishi, chini ya siku 30 ni haraka mno kwa mtu ambaye huenda yuko Turkana au Siaya bila chaji ya simu. Mwenye nyumba asifanye vitu hivyo kuwa rehani ya deni kwa neno lake mwenyewe. Akidai kodi, njia ni dalali au korti.

Si vitu vyote vya kusubiri siku 30. Unga uliopata wadudu na nyama iliyooza kwenye friji hutupwa siku iyo hiyo, baada ya kupigwa picha. Kwa upande mwingine, kuna vitu visivyouzwa kamwe. Kitambulisho kipelekwe kituo cha polisi au Huduma Centre, kwa mfano ile ya Makadara. Vyeti vya shule, kadi za kliniki za watoto na picha za familia havina bei kwa mnunuzi wa samani kuukuu, ila kwa mwenyewe kupotea kwavyo ni hasara ya miaka. Begi moja la karatasi halijazi stoo ya mtu yeyote.

Zana za kazi nazo zahitaji uangalifu. Hata korti inapotekeleza hukumu ya deni, Sheria ya Mashtaka ya Madai, kifungu cha 44, humwachia mdaiwa mavazi ya lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, pamoja na zana anazohitaji kwa kazi yake. Ikiwa hakimu hawezi kuinadi cherehani ya fundi wa nguo kwa deni la kawaida, keateka atapata wapi uwezo huo?

Keateka mwenyewe anastahili aya yake. Yeye ndiye anayeagizwa atoe vitu, na yeye ndiye anayebaki langoni mpangaji anaporudi na polisi. Maneno ya mwenye nyumba kwa simu, "wewe toa tu", hayamkingi. Akiuza au kujitwalia televisheni, anaweza kushtakiwa kwa wizi. Busara ni kudai agizo kwa maandishi, hata kama ni ujumbe mfupi wa simu, na kutotia sahihi orodha ambayo hakuishuhudia ikiandikwa.

Mpangaji akifariki, mambo yanabadilika kabisa. Anayefika kwanza akijiita ndugu wa marehemu si lazima awe mwenye haki, na ploti nyingi zimeingia matatani kwa kumpakilia shemeji vyombo kwenye mkokoteni kisha mjane akatokea. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inamkataza mtu yeyote kuingilia mali ya marehemu bila idhini. Kifungu cha 45 kinataja faini isiyozidi Sh10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Hilo linamgusa mwenye nyumba aliyeuza kitanda kufidia kodi sawa na shemeji aliyekibeba. La kufanya ni kufunga chumba na kumwarifu chifu au naibu wake, kwani kifungu cha 46 kinawapa maafisa hao jukumu la kuilinda mali ya marehemu mpaka wahusika wajulikane. Deni la kodi hulipwa na wasimamizi wa mirathi kama madeni mengine.

Mzizi wa haya yote ni kwamba upangaji mwingi Eastlands hauna mkataba. Kuna kitabu cha risiti, na masharti yaliyopigiliwa misumari langoni: maji ni Jumanne na Ijumaa, muziki mwisho saa nne usiku. Sentensi tatu zingetosha kuongezwa: nambari za jamaa wawili wa mpangaji, muda ambao vitu vilivyoachwa vitatunzwa, na ada ya stoo ikiwa ipo. Bila makubaliano ya aina hiyo, mwenye nyumba anayedai ada ya kutunza vitu ana kazi kubwa ya kumshawishi hakimu. Amana, ile ambayo wengi huiita dipoziti, nayo ihesabiwe waziwazi: ngapi imekatwa kwa kodi, ngapi kwa rangi, ngapi imebaki.

Na mpangaji aliyerudi akakuta vyombo vyake vimeuzwa? Anaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016 na kufungua milango yake Milimani mwaka wa 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, yakiwemo ya kurudishiwa mali inayohamishika au kulipwa fidia kwa mali iliyoharibiwa. Si lazima awe na wakili, na kesi yapasa kuamuliwa ndani ya siku 60. Aende na risiti za ununuzi kama zipo, jumbe za M-Pesa za kodi aliyolipa na mashahidi waliojua alikuwa na nini chumbani. Dai la aina hii halina budi kufunguliwa kabla ya miaka mitatu kupita. Mwenye nyumba naye ana miaka sita ya kudai kodi yake, na kesi mbili hizo zinaweza kusikilizwa meza moja.