Nafasi ya Monduli Hainunuliwi

Kijana wa Ngonga atamaniye uofisa katika Jeshi la Wananchi, lililoundwa tarehe 1 Septemba, 1964, hana budi kuelewa kwamba safari ya kwenda Chuo cha Kijeshi Monduli huanzia darasani. Asome kwa bidii, afaulu vema Kidato cha Sita, ahitimu mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa, atunze afya, mwenendo na cheti chake cha kuzaliwa. Mbio za alfajiri zafaa, lakini hazitoshi.

Nanyi wazazi, msiuze mpunga wala kokoa ili kumlipa tapeli. Jeshi limekwisha kuonya mara nyingi kwamba nafasi zake haziuzwi. Fedha hizo zimnunulie mwana vitabu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hamlipi mwingine amwinamie.