Waya Ukianguka, Mwokoaji Afanye Nini?

Simba mwenda kimya ndiye mla nyama. Methali hii yaufaa sana waya wa umeme uliokatika na kulala chini. Haungurumi, hautoi moshi, wala pengine hautoi hata cheche. Lakini waweza kumwua mtu asiyeugusa kabisa.

Wakazi wa Kasubi, mjini Kampala, huishi na nyaya hizo kila siku. Kando ya barabara iendayo Hoima, zimepita karibu na maduka, vibanda na mapaa ya mabati. Umeme utokao Jinja, ambako bwawa la Owen Falls, sasa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, husafirishwa kwa msongo mkubwa mno. Mitaani hupita kwa volti 33,000 au 11,000, kisha transfoma huupunguza hadi volti 240 za nyumbani. Kwa hiyo waya wa juu ya nguzo si sawa na ule wa taa ya sebuleni.

Yafaa tukumbuke yaliyotokea Kinshasa tarehe 2 Februari 2022. Waya wa msongo mkubwa ulikatika ukaangukia soko la Matadi Kibala, palipokuwa pametuama maji ya mvua. Watu 26 walipoteza maisha, wengi wao akina mama waliokuwa katika biashara zao.

Je, asiyegusa waya hufaje? Umeme ukiingia ardhini huenea pande zote, na msongo wake hupungua kadiri unavyokwenda mbali. Mtu apigaye hatua ndefu, mguu wake mmoja huwa penye msongo mkubwa na wa pili penye mdogo. Tofauti hiyo husukuma umeme upande mguu huu na kushukia ule. Udongo uliolowa huzidisha hatari.

Nchini Uganda kikosi cha zimamoto ni sehemu ya polisi, na mara nyingi askari wa doria ndiye afikaye kwanza. Hapo ndipo ushujaa hupimwa: majeruhi amelala, umati wapiga kelele, naye hana budi kujizuia asimkimbilie. Mwokoaji akianguka, majeruhi huwa wawili na msaada huwa umepungua.

Basi kwanza aegeshe gari mbali, atazame juu na chini, awaondoe watu angalau mita 10, na zaidi kwa nyaya za minara mikubwa. Pili, waitwe mafundi wa umeme. Tangu Aprili 2025 usambazaji mwingi umo mikononi mwa shirika la serikali, UEDCL. Mpaka mafundi wakate umeme, waupime waya na kuuunganisha na ardhi, waya huo uhesabiwe kuwa hai. Taa za mtaa kuzimika si ushahidi. Swichi za mtambo huweza kujirudisha zenyewe, na jenereta ya jirani iliyounganishwa vibaya huweza kurudisha umeme nyayani. Fimbo kavu na viatu vya mpira si kinga mbele ya msongo mkubwa, na maji yasimwagwe hapo.

Waya ukiangukia gari, walio ndani watulie humo. Gari likishika moto, waruke nje miguu ikiwa pamoja, bila kugusa gari na ardhi kwa wakati mmoja, kisha waondoke kwa vihatua vifupi vya kuburuta nyayo.

Mafundi wakishatoa idhini, majeruhi asiyepumua abonyezwe katikati ya kifua, kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka waganga wafike. Hata aliyesimama mwenyewe apelekwe hospitali, kwani umeme huunguza ndani na kuvuruga mapigo ya moyo.

Akina baba na akina mama, wafundisheni watoto leo hii: waya ulio chini haukaribiwi, hata kama mpira umeangukia hapo. Mtoto aondoke pole pole, awaonye wenzake, na mtu mzima apige simu 999 au 112.