Katuni za Kale na za Sasa: Mashabiki na Dhihaka

Makala haya mafupi yanakusudia kuonyesha kwamba dhihaka wanayofanyiwa mashabiki wa katuni haitokani na uhakiki wa sanaa. Mfano wetu ni My Little Pony, katuni ya Marekani ihusuyo farasi wadogo. Mfululizo wa kwanza ulionyeshwa mwaka wa 1986 hadi 1987. Ule wa Lauren Faust, Friendship Is Magic, ulianza mwaka wa 2010 na kumalizika 2019. Yote miwili ilitokana na wanasesere wa kampuni ya Hasbro, waliokusudiwa watoto wa kike.

Mashabiki huigawa mifululizo hiyo kwa vizazi: wa 1986 ni kizazi cha kwanza, wa 2010 ni cha nne. Wapenzi wa ule wa kale husifu visa vya hatari na maadui wa kutisha. Wapenzi wa huu wa pili husifu wahusika wakuu sita, kila mmoja na tabia yake. Hapo wanajadili msuko na wahusika, nao huo ni uhakiki.

Wanaume wazima walioupenda mfululizo wa 2010 walijiita brony, neno linalounganisha bro, yaani ndugu, na pony, farasi mdogo. Wenye kuwacheka waliligeuza kuwa tusi, wenyewe hawakuliacha.

Sisi tufundishao ngano za Sungura na Fisi katika vyuo vikuu tunajua uzito wa kuambiwa kwamba hizo ni hadithi za watoto. Basi na tuulize kazi imesukwaje. Umri wa mtazamaji si hoja.