Tarehe Sahihi kwa Macho, Potofu kwa Mtoto

Septemba 13, 2019, Kenya ilizindua chanjo ya malaria katika Kaunti ya Homa Bay. Migori nayo ilikuwa miongoni mwa kaunti za kwanza kuipokea. Kwa ratiba ya mwanzo, mtoto alidungwa akiwa na miezi 6, 7, 9 na 24. Hesabu yote huanzia tarehe ya kuzaliwa.

Chukua mtoto aliyeandikwa 05/08/2023. Muuguzi wa Ndhiwa au Rongo, katika kaunti hizo, husoma Agosti 5. Kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani, unaotanguliza mwezi, husoma Mei 8. Dozi ya kwanza inayopaswa kutolewa Februari 5, 2024 inasogezwa hadi Novemba 8, 2023, mtoto akiwa na miezi mitatu tu.

Hatari ni kwamba kosa hili halipigi kelele. Katika kila mwaka, siku 132, zaidi ya theluthi moja, zinaweza kusomwa kwa namna mbili na zote zikakubalika. Maktaba ya lugha ya programu ya Python iitwayo dateutil, isipopewa maelekezo, hutanguliza mwezi. Ikikutana na 25/08/2023, huona hakuna mwezi wa 25, hivyo hugeuza mpangilio bila kutoa taarifa. Safu moja ya rekodi hubaki na tarehe sahihi na potofu zikiwa bega kwa bega.

Kwa hiyo skripti inayosoma rekodi hizi isiachiwe kubahatisha. Mwandishi wake aitamkie mpangilio wa rekodi: katika Python, "%d/%m/%Y" maana yake siku, mwezi, mwaka wa tarakimu nne. Kisha aigeuze tarehe kuwa 2023-08-05, kwa kufuata kiwango cha ISO 8601 kilichotolewa mwaka 1988. Kwa kuwa mwaka hutangulia, rekodi zikipangwa kama maandishi tu hufuatana kama kalenda.

Baada ya kugeuza, uhakiki. Je, siku hiyo ipo? Februari 29 ilikuwepo 2024, haikuwepo 2023. Je, dozi imetangulia kuzaliwa? Mtoto wa Februari 11, 2023 akisomwa kuwa wa Novemba 2, dozi yake ya Agosti, ikiwa yenyewe imesomwa sawasawa, itafichua kosa. Je, dozi mbili zimepishana angalau wiki nne? Yule wa Agosti 5 anaweza kupita maswali haya yote akiwa bado na tarehe potofu, ndiyo maana uhakiki hauchukui nafasi ya kujua mpangilio wa asili.

Rekodi yenye shaka isirekebishwe kwa kukisia. Maandishi ya awali yahifadhiwe katika safu yake, na swali lirudishwe kliniki, kwenye rejista na kijitabu cha mama na mtoto. Pale mzazi anapojua mwaka pekee, tarehe iwekewe alama ya makadirio. OpenMRS, mfumo unaobeba rekodi za vituo vingi vya afya nchini Kenya, una nafasi ya alama hiyo. Skripti inayokiri shaka humpa muuguzi nafasi ya kusahihisha kabla siku ya chanjo haijapita.