Mpira wa zamani ndani ya kabirateri: wakati gani urudi, wakati gani utupwe

Pikipiki ya zamani sawa Yamaha AG100 ao DT125 haikufe haraka. Katika Kivu na Ituri bado ziko zinazopanda milima: zingine zilinunuliwa kwa kazi ya parokia, zingine kwa vituo vya afya, leo ziko mikononi mwa watu binafsi. Chuma chake kinavumilia. Kinachochoka mbele ni ile mipira midogo inayozuia esanse isitoke ndani ya kabirateri. Kila fundi anapoifungua kuisafisha, swali ni lile lile: tunairudisha ao tunaitupa?

Mafundi wengi wanairudisha, na si kwa uvivu. Mpira wa modeli hiyo haupatikane ku kila duka. Kuuagiza Kampala kunachukua siku, na wakati huo piki imelala, haiingize hata franka. Tena kuna jambo linalodanganya macho. Mpira uliokaa miaka ndani ya esanse, ukiutoa unakuta umevimba: ule wa kikombe cha chini unakuwa mrefu kuliko mfereji wake, unakataa kuingia. Fundi anauacha kivulini siku moja ao mbili, unarudia karibu ukubwa wake. Anafurahi, anafunga.

Kilichotokea ni hiki. Esanse iliingia ndani ya mpira sawa maji ndani ya maharagi, kisha ikatoka kwa kukauka. Lakini ilitoka na yale mafuta ambayo kiwanda kiliweka ili mpira ubaki laini. Hayo hayarudi. Kadiri unavyovimba na kukauka, mpira unazidi kuwa mgumu, mpaka haukandamizike tena, na kazi yake yote ni kukandamizwa. Ndiyo maana piki iliyokaa miezi mingi bila mafuta mara nyingi inaanza kuvuja siku ile ile inapojazwa.

Kuupima si kazi ngumu. Ukunje kati ya vidole, tazama ku jua upande wa nje wa mkunjo: ukiona nyufa, hata nyembamba sawa nywele, utupe. Mpira wa duara uliogeuka bapa upande mmoja umeshachukua umbo la mahali pake, nao haufungi vizuri hata kama bado ni laini. Ule uliobaki laini, bila ufa wala ubapa, unaweza kurudi palepale ulipotoka, kwa muda, mpaka mpya upatikane. Na uutoe mbele ya kupuliza dawa ya kusafishia kabirateri, juu dawa hiyo inakula mpira kuliko esanse yenyewe.

Ubaya mkubwa zaidi ni pale fundi anapokata kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu na kukiweka kwenye kabirateri. Mpira huo ulitengenezwa kushika hewa. Esanse inauvimbisha upesi, unalegea sawa bugali. Mipira ya breki pia haifai, ilitengenezwa kwa maji ya breki. Na silikoni ya tyubu inalainika, vipande vyake vinaenda kuziba jikleri. Mpira unaofaa ni wa nitrile, pakiti inaandikwa NBR, ao viton, inaandikwa FKM. Rangi si ushahidi, karibu yote ni myeusi. Kama muuzaji hajui, nunua miwili inayofanana: mmoja ulale ndani ya chupa ya esanse yenye kifuniko, mbali na moto, mwingine ubaki mkavu. Asubuhi uilinganishe. Usiofaa utajionyesha wenyewe.

Kuna mpira mmoja usiovujisha tone lolote, ule wa kati ya kabirateri na injini. Ukichoka, hewa inaingia. Esanse inakuwa kidogo kwa hewa iliyoko, injini inapiga kelele bila kuongezewa gazi, inapata moto kupita kiasi, mwishowe pistoni inagripe. Kwa AG100, yenye injini ya mipigo miwili, huo si mpira wa kurudisha kwa kubahatisha.

Lakini yule wa kikombe ndio unaogusa watoto. Wamotari wengi wanalaza piki ndani ya nyumba kwa kuogopa wezi. Mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini, na chini ndiko mbabula iko. Hakuna haja ya dimbwi: tone baada ya tone, mlango umefungwa, inatosha.

Kwa hiyo kila kabirateri iliyofungwa na mpira wa zamani ipimwe nje, injini imezimwa na imepoa. Weka katoni kavu chini yake, fungua robine, ngoja dakika 15. Katoni ikibaki kavu, funga robine ndipo uingize piki, na kila jioni ufanye vile. Ikilowa, piki ilale nje, robine imefungwa, hata kama itabidi kumlipa mlinzi wa jirani.